Saa ya Kazi na Saa ya Sala: Je, Sheria Iingie Kati?

Somo letu la mara hii halihusu upandaji wa miche wala maradhi ya mikarafuu. Lahusu watu wanaofanya kazi chini ya mikarafuu hiyo, na vijana wetu waliovuka bahari kwenda kutafuta riziki bara. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa sheria imlazimishe mwajiri ampe mtumishi wake nafasi ya kusali katika saa za kazi? Au jambo hili liachiwe watu wenyewe, mwenye kazi na mfanya kazi, wapatane kwa uungwana wao?

Wengi wetu tukiulizwa swali hili tukiwa nyumbani hujibu upesi. Visiwani kwetu adhana ikisikika, mara nyingi msimamizi ndiye wa kwanza kutia udhu. Kwa hiyo wako wanaosema, sheria ya nini, na mambo yanakwenda vizuri? Na wako wanaosema, sheria na iwekwe, tena iwe kali, asiyeifuata afungwe. Majibu haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yana asili moja. Yote mawili yametolewa na mtu aliyekaa penye wenzake wengi. Sisi twaona sheria ya namna hii haipimwi mahali ambapo wewe na wenzako mu wengi. Hupimwa mahali ambapo u peke yako, au mko wawili watatu. Kwa sababu hiyo tumependa kulitazama swali hili kutoka mahali mbali na sisi, napo ni Bahi.

KWA NINI BAHI

Bahi ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, penye njia ya reli ya kati. Nchi ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili hivi. Wenyeji wake Wagogo ni wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele. Walakini pako bonde kubwa lenye kinamasi, na humo watu wamechimba mifereji na kutengeneza majaruba ya mpunga. Mchele wa Bahi unajulikana katika masoko ya Dodoma kama karafuu ya Pemba inavyojulikana duniani.

Kwa upande wa dini, Ukristo umekaa Ugogo siku nyingi. Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati iliundwa mwaka 1927. Waislamu nao wako, khasa katika miji midogo iliyoota kando ya reli. Sensa za Tanzania haziulizi dini tangu ile ya mwaka 1967, basi hatutataja hesabu. Yatosha kusema kwamba kijana wa Wete au Mkoani akienda kufanya kazi Bahi, atajikuta yeye ndiye mchache. Na vijana wanakwenda huko. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, kazi nyingi ziliifuata, na tangu mwaka 2024 treni za reli mpya zinafika Dodoma, na njia yake imepita Bahi.

SHERIA ILIVYO SASA

Kwanza tujue kilichopo, ili tusiombe tulicho nacho tayari.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inatoa uhuru huo. Kwa upande wa kazi, Tanzania Bara inatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ajili ya dini yake. Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na mwanachama mwenye shaka juu yake aende akaulize Kamisheni ya Kazi.

Sheria hiyo ya bara haitaji sala kwa jina. Lakini ina mambo matatu yanayogusa sala bila kuitaja. La kwanza, saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. La pili, mtu aliyefanya kazi mfululizo kupita saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mwajiri halazimiki kumlipa kwa dakika hizo. La tatu, kila wiki mfanya kazi apate mapumziko ya saa 24 zisizokatika. Tuyaweke moyoni mambo haya matatu, maana tutayarudia.

Kuna tofauti kubwa kati ya kumkataza mwajiri asibague na kumwamuru atoe nafasi. Mwenye kazi akisema, "Hapa kwangu hakuna atokaye kazini saa 7 Ijumaa, awe Mwislamu au Mkristo," hajambagua mtu kwa maneno. Amri yake ni moja kwa wote. Lakini uzito wake humwangukia mmoja tu. Hapo ndipo ulipo ufa katika sheria, na swali letu ni kama ufa huo uzibwe.

HESABU YA JUA

Sasa na tupige hesabu, kwa kuwa watu wengi hubishana juu ya sala na kazi bila ya kutazama saa.

Tanzania nzima hutumia saa moja ya ukutani, lakini jua halikubali kufuata saa ya ukutani. Bahi iko magharibi ya Pemba kwa nyuzi 4 na zaidi kidogo, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo jua hupinduka Bahi kiasi cha dakika 18 baada ya kupinduka Wete. Dhuhuri ya Bahi huingia kati ya saa 6 na dakika 22, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6 na dakika 53, katikati ya Februari. Mtu aliyeanza kazi saa 1 na nusu asubuhi hutimiza saa 5 za kazi saa 6 na nusu. Yaani mapumziko ambayo sheria inamdai mwajiri ayatoe huangukia hapo hapo penye dhuhuri, au karibu yake. Sala yenyewe pamoja na udhu haipiti robo saa. Basi dhuhuri si ugomvi, ila kwa mwajiri anayetaka ugomvi.

Alasiri je? Huko Bahi huingia kati ya saa 9 na dakika 40 na saa 10 na dakika 10, na wakati wake wasonga mpaka kuchwa kwa jua. Anayetoka kazini saa 10 na nusu au saa 11 ana nafasi ya kuisali akitoka. Alfajiri na isha ziko nje ya kazi ya mchana.

Zinabaki nyakati ambazo kweli hugongana na kazi, nazo ni chache. Ya kwanza ni sala ya Ijumaa, ambayo haisaliwi peke yake wala haingoji jioni. Ya pili ni magharibi kwa mwenye zamu ya jioni. Bahi jua huchwa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika 5, na wakati wa magharibi hudumu kiasi cha saa moja na robo tu, kisha huwa isha. Mwenye zamu ya saa 10 mpaka saa 4 za usiku hana pa kukimbilia asipopewa nafasi. Ya tatu ni kufuturu katika mwezi wa Ramadhani, saa hiyo hiyo ya magharibi. Na kwa wenzetu Wakristo, iko ibada ya Jumapili, na kwa Wasabato iko siku nzima ya Jumamosi, tangu kuchwa kwa jua la Ijumaa.

Hesabu hii inatufunza jambo la kwanza. Anayesema "sala zitaua kazi" hajahesabu, na anayetaka sheria iorodheshe nyakati za sala kwa saa ya ukutani naye hajahesabu. Sheria iliyoandikwa kwa saa ya Wete itakuwa na makosa Bahi, na iliyoandikwa kwa Novemba itakuwa na makosa Februari.

MFANO WA MASHINE YA MPUNGA

Tuchukue mfano wa kubuni. Iko mashine ya kukoboa mpunga Bahi, ina watu 4. Mmoja ni Mwislamu kutoka kwetu, wawili ni Waanglikana, mmoja ni Msabato. Ni msimu wa mavuno, mashine haifungwi hata siku moja. Mwenye mashine anasema, "Nikimsikiliza kila mtu na dini yake, nitakoboa lini?"

Tumjibu kwa kalamu. Sheria imekwisha kumwamuru ampe kila mmoja siku moja ya kupumzika. Haikusema ni siku gani. Akimpa Mwislamu Ijumaa, Msabato Jumamosi, na Waanglikana wawili Jumapili, basi Ijumaa ana watu 3, Jumamosi ana watu 3, Jumapili ana watu 2, na siku nyingine 4 ana watu wote. Kama watu 2 wa Jumapili hawatoshi, mmoja wa wale Waanglikana ataomba kwenda ibada ya asubuhi na mapema, aingie kazini saa 4, apumzike siku nzima siku nyingine. Mwenye mashine hakupoteza hata debe moja la mpunga. Alilotoa ni nusu saa ya kukaa na watu wake, mwanzo wa msimu, akiwa na karatasi.

Sasa tuseme mashine yenyewe hufungwa Jumapili, na Mwislamu anaomba Ijumaa tu kwa sala. Kwenda, hotuba, sala na kurudi, tuseme saa moja na nusu. Saa moja ni mapumziko yake ya kisheria. Imebaki nusu saa. Kwa wiki 52 nusu saa hiyo ni saa 26 katika mwaka wenye saa 2,340 za kazi, yaani kiasi cha moja katika mia. Tena si lazima ipotee. Akianza kazi Ijumaa nusu saa kabla ya wenzake, deni limelipwa.

Ndugu wanachama, ukubwa wa ugomvi huu kwa upande wa mwajiri ni huo tu, nusu saa kwa wiki inayoweza kulipwa. Kwa upande wa mfanya kazi, asipopewa nafasi hiyo, yapasa achague moja kati ya dini yake na chakula cha watoto wake. Mizani hii haiko sawa, na ndiyo sababu twasema lipo la kufanywa.

WENZETU WALIVYOAMUA

Swali hili limekwisha kufika mahakamani katika nchi jirani, ingawa lilianzia skuli na si kazini.

Uganda, wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walilalamika kwamba wanalazimishwa kufanya masomo na mitihani Jumamosi. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003, wakashindwa tena katika Mahakama ya Juu mwaka 2006. Kenya, Kanisa la Waadventista lilipeleka shauri la namna hiyo hiyo juu ya skuli, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanafunzi hao wapewe nafasi ya kuishika Sabato yao. Nchi mbili, jambo moja, hukumu mbili. Tofauti moja ya kutazamwa ni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 32, imetaja wazi haki ya kushika siku ya ibada, na imesema mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake. Neno lililoandikwa lina nguvu kuliko neno la kudhaniwa.

Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, sheria ya kazi ya mwaka 2003, na ile ya mwaka 2023 iliyoshika mahali pake, imeweka kwamba Mwislamu katika Ramadhani asifanyishwe kazi zaidi ya saa 6 kwa siku, au 30 kwa wiki. Huko sheria imeandika saa kwa hesabu, na yawezekana kwa kuwa wafunga saumu ndio wengi. Hatudhani sheria hiyo ingeweza kuhamishiwa Bahi kama ilivyo.

Marekani wamelishughulikia jambo hili muda mrefu zaidi. Sheria yao ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa dini kazini. Mwaka 1972 waliongeza kwamba mwajiri ampe mtu nafasi ya dini yake, isipokuwa nafasi hiyo imletee taabu isiyofaa. Maneno ni mazuri. Lakini mwaka 1977, katika shauri la mfanya kazi wa kampuni ya ndege aliyekuwa akishika Sabato, Mahakama ya Juu ilisema gharama yoyote inayopita kidogo tu yatosha kumwachia mwajiri akatae. Kwa miaka 46 sheria ile ikawa kama jumba zuri lisilo na mlango. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la mchukuzi wa barua Mkristo asiyetaka kufanya kazi Jumapili, ilisema sasa mwajiri lazima aonyeshe kwamba gharama ni kubwa kwa kulinganishwa na biashara yake.

Katikati ya miaka hiyo waliumia watu wa Afrika Mashariki. Desemba 2015, katika kiwanda cha nyama cha kampuni ya Cargill mjini Fort Morgan, jimbo la Colorado, Wasomali zaidi ya 100 walifukuzwa kazi baada ya ugomvi wa nafasi ya sala. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kwa wafanya kazi 138, bila ya kukiri kosa. Mtu wa visiwani atauliza, mbona huko sala ina matata hivyo? Jawabu ni jua. Mji ule uko kaskazini sana. Desemba jua lao huchwa saa 10 na nusu, na Juni, kwa saa yao ya kiangazi, huchwa saa 2 na nusu usiku. Magharibi huhama saa 4 nzima katika mwaka, wakati zamu za kiwanda hazihami. Sisi tunaokaa karibu na ikweta, jua letu huhama nusu saa au zaidi kidogo tu. Kama wenzetu wenye taabu kubwa namna ile wanaweza kudaiwa kutafuta njia, sisi wenye taabu ndogo hatuna udhuru.

Mafunzo mengine yalitoka Grand Island, jimbo la Nebraska, Septemba 2008. Wafanya kazi Waislamu wa kiwanda cha nyama waliomba nafasi ya kufuturu, wakuu wakabadilisha saa za mapumziko, kisha wafanya kazi wasio Waislamu nao wakatoka nje kulalamika kwamba wenzao wamependelewa. Jambo lilitengenezwa kwa haraka katikati ya hasira, na likaharibika kwa haraka.

HOJA ZA WANAOPINGA

Yapasa tuwasikilize wanaopinga, maana baadhi yao ni wanachama wenzetu, na hawana ubaya.

Hoja ya kwanza: kazi nyingine hazisimamishiki. Hii ni kweli. Hata sisi, karafuu zikiwa juani na wingu likitanda, hapana wa kusema ngojeni. Karafuu mbichi zikilundikwa huvunda na kubadilika rangi, na bei huanguka. Kwa hiyo sheria lazima iache mlango kwa mwajiri mwenye dharura ya kweli. Lakini dharura ni mvua ya leo. Mwajiri anayesema kila siku ni dharura ametumia neno hilo kuficha kutotaka.

Hoja ya pili: wako watu watakaotumia sala kuwa kisingizio cha uvivu. Wako, na tunawajua. Dawa yake ni kuweka muda na kuushika. Kila aliyepita chuoni anajua kwamba Sura ya Ijumaa inaamrisha kuacha biashara mtu anapoitwa, na pia inasema sala ikimalizika watu watawanyike watafute riziki. Anayeshika nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili hakuonewa na mwajiri akikatwa ujira wa muda aliolala.

Hoja ya tatu: wenzake watabebeshwa mzigo. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo iliyoonekana Grand Island. Jawabu lake ni kwamba nafasi isiwe zawadi ya watu wa dini moja, na muda uliotumika urudishwe. Mkristo anayeona mwenzake ametoka Ijumaa na yeye akalindiwa Jumapili yake hatanung'unika. Atanung'unika akiona mlango unafunguliwa upande mmoja tu.

Hoja ya nne: serikali isiingie katika ibada za watu. Tunakubali. Hakimu asiulizwe sala ipi ni kubwa wala nani ni mcha Mungu. Aulizwe jambo moja tu la kidunia: je, mwajiri huyu aliombwa, alijaribu, na kama alikataa, alikuwa na madhara gani ya kuonyesha? Hilo hakimu analiweza.

RAI YETU

Baada ya kuyapima hayo, sisi twaona kwamba sheria iwepo, lakini iwe fupi, na iwe ya kumlazimisha mwajiri kupatana, isiwe ya kuhesabu rakaa. Twaipendekeza iwe na mambo manne.

1. Mfanya kazi wa dini yoyote akiomba mapema nafasi ya ibada, mwajiri alazimike kukaa naye na kutafuta njia.

2. Mwajiri asikatae ila kwa madhara makubwa ya kweli katika kazi yake, na mzigo wa kuyaonyesha uwe juu yake. Mwenye watu 3 asipimwe kama mwenye watu 300.

3. Muda unaopita mapumziko ya kisheria usilazimishwe kulipwa. Mfanya kazi aurudishe, au usihesabiwe.

4. Ugomvi upelekwe kwanza kwa wasuluhishi, mathalan Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa upande wa bara, na mtu asifukuzwe kwa ajili ya kuomba.

Hili si jambo geni duniani. Mkataba Na. 106 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1957, juu ya mapumziko ya kila wiki, ulisema kwamba mila na desturi za watu wa dini wenye idadi ndogo ziheshimiwe kwa kadiri iwezekanavyo. Walioandika mkataba ule waliwafikiria wachache waziwazi. Walijua kwamba wengi hujilinda wenyewe kwa kalenda: sikukuu zao ndizo za wote, na siku yao ya ibada ndiyo siku ya ofisi kufungwa.

Wako watakaosema uungwana watosha. Uungwana ni bora kuliko sheria, hatubishi. Lakini uungwana wakaa ndani ya mtu, na mtu huondoka. Msimamizi mwema akihamishwa, anakuja mwingine, na nafasi aliyokuwa nayo kijana wetu yapotea siku ile ile, bila ya kosa lake. Sheria humpa pa kushika wakati uungwana umekwenda safari.

NA SISI JE, SHAMBANI?

Tumesimama Bahi kwa muda, sasa na tutazame visiwani. Huku sisi ndio wengi, na tena wakati wa msimu sisi ndio waajiri. Mchumaji anayelipwa kwa pishi ana saa zake mwenyewe, akishuka mkarafuuni kusali hakuna anayepungukiwa ila pishi zake. Lakini tunao wa kutwa: waanikaji, walinzi wa usiku, wachukuzi. Hao saa zao tumezinunua.

Na tangu zamani baadhi yao hutoka bara. Kati yao wako Wakristo. Tujiulize bila ya kuoneana haya: mara ngapi tumemwambia mtu wa namna hiyo Jumapili, "Kazi ni kazi, karafuu haijui Jumapili"? Huyo ndiye kijana wetu wa Bahi, ila amegeuzwa upande. Hoja tunayoitaka kwa mwenye mashine ya mpunga ni hiyo hiyo anayoistahili kwetu. Tukiidai kule na kuinyima huku, hatudai haki, tunadai upendeleo.

Basi kabla sheria haijaja, tunawashauri wanachama wafanye haya msimu ujao. Siku ya kupatana ujira, ulizeni pia siku na saa ya ibada ya kila mtu wa kutwa, muandike. Wekeni mapumziko ya mchana yaangukie dhuhuri ya mahali penu, si saa ya redio. Penye uanikaji, wekeni zamu mbili za sala, nusu ya watu waende na nusu wabaki na majamvi, ili wingu likija pawe na mikono. Na katika Ramadhani, mlinzi wa usiku apewe robo saa ya kufuturu kabla hajashika lindo. Mambo haya hayagharimu hata pishi moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA MATAWINI

1. Katika shamba lenu, ni kazi zipi ambazo kweli haziwezi kuachwa kwa robo saa? Zitajeni moja moja, na mseme kwa nini.

2. Mfanya kazi aliyeruhusiwa saa moja na nusu akarudi baada ya saa mbili na nusu, afanyiwe nini mara ya kwanza? Na mara ya tatu?

3. Kama nyinyi mngekuwa watu wawili katika mji wa watu elfu, mngetaka sheria iseme nini? Na je, hilo mnalolitaka mko tayari kumpa aliye peke yake kwenu?

Majibu ya matawi yaletwe ofisini kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, yasomwe mbele ya wanachama wote.

Katibu